Mama Ulikuwepo na Mpiga Dramu

Ofisini walimwita Mama Ulikuwepo, na jina hilo hakulipata kwa mapenzi. Alikuwa mhakiki wa gazeti la kila wiki, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na kazi yake ilikuwa kusoma kila habari kabla haijachapwa na kuuliza kama ni kweli. Ukimwambia kwamba diwani fulani alianguka jukwaani, atakuuliza, "Ulikuwepo?" Ukijibu kwamba hukuwepo lakini kila mtu anajua, atainamia karatasi yake na kukuambia polepole kuwa Kila Mtu ndiye shahidi mbaya kuliko wote, maana hana simu wala anwani.

Meza yake ilibanwa kati ya mashine ya fotokopi na mlango wa choo, kwa hiyo hakuna aliyesimama hapo kwa mazungumzo marefu. Hilo lilimfaa. Alipoletewa prufu ya ukurasa, yaani ile karatasi ya majaribio kabla ya kuchapwa, alichonga penseli na kuanza neno kwa neno. Neno lililothibitishwa alilitia nukta chini yake. Ambalo halijathibitishwa lilibaki bila nukta, na ukurasa wenye maneno matupu haukutoka mezani kwake hata Mhariri akija kusimama mbele yake na saa mkononi.

Wiki hiyo aliletewa Cheche. Cheche alikuwa mwanamuziki wa roki, mwimbaji na mpiga gitaa, ambaye miaka arobaini nyuma alitoa kaseti yake ya kwanza na kuwafanya vijana wa mji mzima kufuga nywele na kugombana na baba zao. Sasa gazeti lilimtengea kurasa mbili. Mwandishi wa burudani, bwana mmoja wa mashati ya maua aliyeandika haraka kuliko alivyouliza, alimwekea prufu mezani na kumwambia, "Hii ni laini, mama. Maisha ya Cheche watu wanayajua kama sala."

"Hao watu ndio wananitia wasiwasi," alijibu.

Akaanza. Cheche alizaliwa ndani ya treni. Akampigia simu dada yake Cheche, bibi wa watu aliyecheka mpaka akakohoa. "Treni? Alizaliwa hospitali, tena kwa uvivu, tukamsubiri kama mtu anayefunga mizigo. Treni ilipita nyuma ya hospitali tu." Cheche alikatia bima vidole vyake. Kampuni ya bima nayo ilicheka, kisha ikaomba namba yake kama bado anahitaji. Cheche alichoma gitaa lake jukwaani. Hilo lilikuwa na ukweli nusu, maana kilichoungua kilikuwa kipande cha plaiwudi alichokichonga seremala na kukipaka rangi. Gitaa lenyewe lilikuwa salama nyuma ya pazia, limefunikwa kwa taulo.

Haya yote alikuwa ameyazoea. Mwanamuziki akikaa mjini muda mrefu, uongo humwotea kama kuvu kwenye ukuta wenye unyevu, nawe unafuta taratibu. Lakini katikati ya ukurasa wa pili alikuta sentensi iliyoufanya mkono wake usimame. Mwandishi alisema kwamba bendi ilikufa Jumamosi ile ya tamasha kubwa, pale mpiga dramu wake, aliyejulikana kama Radi, alipomtupia Cheche vijiti usoni katikati ya wimbo, akatoka ukumbini na kuiacha bendi gizani.

Radi alikuwa kaka yake, wa tumbo moja.

Aliisoma tena. Alijua haiwezekani iwe kweli, na alijua kwa nini. Mwaka ule alikuwa bado shule ya bweni. Alirudi nyumbani likizo wiki kadhaa kabla ya tamasha, akamkuta kaka yake hana bendi, anajifunza kutengeneza mafriji kwa fundi wa mtaa wa pili. Vijiti vyake vya dramu vilikuwa juu ya kabati, vimefungwa kwa mpira. Mama yao alimvuta jikoni na kumwambia, "Kaka yako kaachana na muziki. Usimuulize." Naye, ambaye baadaye alikuja kuuliza dunia nzima, hilo hakuliuliza. Aliporudi likizo iliyofuata, vijiti havikuwepo tena juu ya kabati. Lakini mtu aliyekwisha kuiacha bendi hawezi kuja kuiacha tena katikati ya wimbo.

Aliichukua prufu na kwenda kwa Mhariri. Akamwambia yote mawili, kwamba sentensi ni ya uongo na kwamba anayesingiziwa ni kaka yake. Hakutaka lije kugunduliwa kwa mlango wa nyuma.

Mhariri alivua miwani. "Nakuamini. Ila unajua lile neno. Mwamba ngoma huvutia kwake."

"Ngoma hii siivuti popote. Nasema hakuwepo kwenye bendi siku hiyo."

"Wewe ulikuwepo?"

Kuulizwa swali lako mwenyewe ni kama kupigwa kwa fimbo uliyoichonga.

"Niletee watu wawili wasio wa ukoo wenu," Mhariri alisema. "Ukishindwa, tutaweka 'inasemekana' mwanzoni na mambo yaende. Lisemwalo lipo."

"Umeacha nusu. Kama halipo, laja. Basi bado lipo njiani, kwa nini tulichape leo?"

Mhariri alicheka na kuvaa miwani. Yeye hakucheka. "Inasemekana" alilichukia kuliko neno lolote. Aliliona ni koti la kuazima ambalo uongo huvaa ukitaka kwenda mjini kwa heshima. Kaka yake alikuwa na karakana, wateja, na watoto waliosoma gazeti hilo kwa sababu shangazi yao alifanya kazi pale. Kwenye gazeti la shangazi yao ndimo wangesoma kwamba baba yao aliwasaliti wenzake.

Alimpigia Cheche mwenyewe. Mzee huyo aliongea kana kwamba kila simu ni mahojiano ya redio.

"Radi alinivunja moyo, mama. Vijiti vilinipiga hapa, kwenye nyusi. Alama ninayo mpaka leo."

"Dramu zilikuwa nyuma yako, mzee. Vijiti vilikupigaje usoni?"

"Niligeuka."

"Ukageuka katikati ya wimbo?"

"Mama, ulikuwepo?"

"Hapana."

"Basi andika kama nilivyokuambia."

Aliweka simu chini na kubaki akiitazama. Alijaribu mpiga kinanda, akaambiwa amehamia mbali na kumbukumbu yake imehama naye. Alijaribu mlinzi wa zamani wa ukumbi, naye akasimulia habari nzima kwa ufasaha, vijiti, nyusi na giza, na alipoulizwa kama aliona kwa macho yake alisema siku hiyo alikuwa na homa nyumbani. Aliyemsimulia ni shemeji yake. Shemeji alisoma gazetini. Gazeti lipi? Gazeti lenu, mama. Akachimba kwenye magazeti ya zamani na kuikuta kweli, miaka mingi nyuma, ikianza na "inasemekana". Siku mbili alikuwa anazunguka kama punda wa kinu, na kinu kilikuwa cha ofisi yake mwenyewe.

Mtu pekee aliyekuwepo na aliyesema kitu kipya alikuwa fundi mitambo wa bendi, sasa mzee mwenye duka dogo la kutengeneza spika. Mhakiki alimkuta ameketi katikati ya maspika yaliyotobolewa matumbo, chuma cha kulehemu mkononi.

"Radi?" alisema yule fundi. "Radi wapi? Tulikuwa tumekwisha kumwondoa."

"Mlimwondoa?"

"Cheche alileta mashine ya dramu. Kisanduku cheusi, kidogo kama redio ya mezani. Unakibonyeza, kinapiga. Hakichelewi mazoezi, hakidai chai, hakinuni. Tukakifundisha mapigo ya Radi, yale yale. Radi akaambiwa asante, kwaheri."

"Na tamasha?"

"Dramu zenyewe tulizipanga jukwaani, nyuma kabisa, kama maua mezani, tukamwaga moshi mwingi, watu wasiulize mpigaji yuko wapi. Ikaenda vizuri. Halafu umeme ukakatika. Kila kitu kimya. Uliporudi, moshi umekwisha, watu wanaona dramu na kigoda kitupu. Cheche ni mjanja, unamjua. Akashika kipaza sauti, akasema, 'Radi ametukimbia.' Mji mzima ukabeba."

"Nitakunukuu kwa cheo chako."

Chuma cha kulehemu kilirudi kwenye kazi. "Usininukuu, dada. Spika za Cheche bado nazifunga mimi. Nimekuambia kama mtu anayeongea usingizini."

Akatoka dukani akiwa na ukweli mikononi na bila pa kuuweka. Shahidi mmoja, tena wa usingizini. Hata hivyo alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, kwa sababu alidhani atamfurahisha.

Karakana ilikuwa pembeni ya nyumba yake, chumba cha mabati chenye mafriji yaliyosimama wazi milango yote, kama watu wanaosubiri daktari awatazame koo. Kaka yake alikuwa amepiga magoti nyuma ya moja akitafuta mahali gesi inapovuja. Alipoanza kumweleza habari ya sentensi, hakuinuka.

"Waandike," alisema.

"Kaka, ni uongo."

Kabla hajajibu, wifi aliingia na vikombe vya chai. Alikuwa amesikia nusu. "Lile la vijiti? Kwani ni siri? Si ndilo lililonileta kwenye nyumba hii." Aliweka sinia juu ya friji. "Nilikuwa na wachumba wenye kazi za maana, wifi. Nikaambiwa yule pale kamtupia Cheche vijiti usoni. Cheche, ambaye hata baba yangu alimwogopa. Nikasema, mwanamume ndiye yule."

"Ulikuwepo, wifi?"

"Wewe nawe. Alinisimulia mwenyewe."

Akacheka na kutoka. Mhakiki alimtazama kaka yake. Kaka yake alilitazama bomba.

"Nimeongea na fundi mitambo," alisema taratibu. "Najua habari ya kisanduku."

Radi alikaa chini sakafuni, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Basi andika. Andika Radi alifukuzwa, nafasi yake ikachukuliwa na kisanduku. Watoto wasome. Wateja nao wasome, wajue aliyeshindwa na mashine ndiye anayetengeneza mashine zao."

"Bora waseme ulisaliti wenzako?"

"Bora waseme niliwaacha. Aliyewaacha ana miguu. Aliyeachwa ana nini?"

"Gazeti haliwezi kuandika uongo kwa sababu umeuzoea."

"Limeuandika zamani na hukuwa na neno."

"Zamani sikuwa pale." Kisha akauliza alichokatazwa kuuliza akiwa msichana. "Jumamosi ile, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani," alisema Radi haraka, na kurudi nyuma ya friji.

Lilikuwa jibu la haraka mno. Alikuwa amesikia majibu ya namna hiyo miaka yote. Angekuwa na penseli, asingelitia nukta. Chai yake ilipoa bila kunywewa.

Siku ya kufunga kurasa ilifika, na sentensi ilikuwa bado haina nukta hata moja. Akiuacha uongo, anavunja kazi yake. Akiuweka ukweli, hana wa kumnukuu, na anamvunja kaka yake. Mwandishi wa burudani alipita mara kwa mara akichungulia, kama mtu anayesubiri choo, na pengine alikuwa anasubiri choo kweli. "Mama, weka 'inasemekana' tufunge. Nani atakufa?"

Kisha Mhariri akaja mwenyewe akiwa na karatasi nyingine. Tangazo la magodoro limeingia dakika ya mwisho, linataka nafasi kwenye ukurasa wa pili. "Punguza mistari. Popote unapotaka, usinisumbue."

Alichukua kalamu nyekundu na kupiga mstari juu ya Jumamosi yote, tamasha, Radi, vijiti na giza. Habari ikaruka kutoka siku za utukufu hadi "bendi ilipovunjika", pasipo kusema ilivunjikaje. Hakuhisi ameshinda. Siku zote hizo alikuwa amepigana na uongo, na aliyeuangusha ni godoro.

Gazeti lilipotoka, alisubiri simu ya kaka yake. Badala yake, wifi ndiye aliyepiga. "Kaka yako kalinunua asubuhi, kalisoma, kaligeuza, kalisoma tena. Halafu kalitandika chini ya friji linalovuja. Umemfanya nini?"

"Sikumfanya kitu."

"Ndivyo alivyosema. 'Hata jina halimo.'"

Alitaka kukasirika na akashindwa kujua amkasirikie nani. Habari yake ingechapwa angelia, haikuchapwa ananuna. Wiki nzima ya kazi imeishia kufyonza maji chini ya friji.

Jumatatu asubuhi bibi wa mapokezi alimwunganishia simu. "Msomaji. Analalamika kuhusu Cheche. Mkali huyo."

"Meza ya uhakiki," alisema.

"Habari za kazi, mama." Sauti ilikuwa imeshushwa mpaka kifuani, nzito, kama ya mtu anayetangaza msiba redioni. Nyuma yake friji lilikuwa linaunguruma, likazima kwa mtikisiko, likawaka tena. "Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi. Mmeandika habari za Cheche, mkamwacha mpiga dramu."

Alimjua kabla hajamaliza kusalimia. Mdomo wake ulifunguka kusema kaka, ukajifunga.

"Tulikosa uthibitisho, bwana."

"Uthibitisho gani? Mji mzima unajua yule mtu aliwaacha gizani."

"Ulikuwepo?"

Mlango wa friji ulisikika ukifungwa.

"Nilikuwepo," ilisema sauti.

Akavuta penseli. "Upande gani?"

"Nyuma, karibu na mlango. Nilikata tiketi kama watu wengine." Sauti ilianza kupanda yenyewe kurudi mahali pake. "Kile kisanduku kilikuwa kinapiga vizuri, mama. Mapigo ya Radi yale yale, ila hayachoki. Radi alikuwa anachoka."

"Ndiyo, bwana."

"Umeme ukakatika. Gitaa kimya, kinanda kimya, kisanduku kimya. Lakini dramu hazitaki umeme. Zilikuwa pale pale jukwaani. Watu wakaanza kupiga miguu sakafuni, wanaita, Radi, Radi. Walidhani yuko nyuma ya moshi. Naye alikuwa kati yao, ana vijiti ndani ya koti. Alivibeba vya nini, sijui. Ni kupenya tu, apande, apige. Tamasha lingekuwa lake."

"Akafanya nini?"

"Alisimama akasikiliza wanavyomwita. Halafu akavitia vijiti kwenye pipa la taka la mlangoni, akatoka." Akakohoa, akaishusha tena sauti kifuani. "Kwa hiyo si uongo, mama. Mlikuwa nayo sawa. Mngeacha tu ilivyokuwa."

Alishika simu kwa mikono yote miwili. Alitaka kumwambia kwamba hakuna mtu ambaye angepanda jukwaani kumwokoa Cheche siku hiyo, baada ya alivyofanyiwa. Alitaka kumwambia aje nyumbani, ale. Lakini msomaji ndiye aliyepiga simu, na msomaji alikuwa anasubiri jibu la ofisi.

"Kanuni yetu ni watu wawili, bwana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote. "Kuna mwingine aliyemwona akitoka?"

"Hakuna. Kulikuwa giza."

Simu ikakatwa. Bibi wa mapokezi alichungulia kuuliza ni nani aliyekuwa anagomba, akajibiwa ni msomaji.

Prufu ya zamani ilikuwa bado kwenye droo, na mstari mwekundu juu yake. Akaitoa, akachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa. Neno kwa neno, chini ya ule mstari, akaipitia ile sentensi. Vijiti usoni akaviruka. Katikati ya wimbo, akaruka. Alipofika "akatoka ukumbini" akatia nukta, na nukta nyingine, na chini ya "kuiacha bendi gizani" nazo akazitia zote, kila moja mahali pake.

Zilikuwa nukta sahihi. Gazeti lilikuwa limekwisha kuuzwa, na moja lilikuwa chini ya friji.